Matundu Manne ya Senje Imali

Mwezi uliopita jirani yangu alileta fundi wa kutoboa ukuta. Jengo letu ni la zamani, la mawe, na nilikuwa nikipanda ngazi na mboga mkononi wakati mashine ilipoanza kulia. Kabla sijafika mlangoni kwangu harufu ikanifikia: jiwe lililopata moto, chokaa kuukuu, vumbi linaloshika koo. Nilisimama pale kwenye ngazi muda mrefu hadi fundi akazima mashine na kunitazama, akidhani nimekuja kulalamika. "Tumekusumbua, mama?" Nikamwambia aendelee tu. Ningemweleza nini? Kwamba kwangu mimi ile ni harufu ya mwanamke mmoja, na kwamba nilikuwa sijaisikia tangu tumzike?

Senje Imali alikuwa dada ya baba. Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu mnajua senje ni nani katika maisha ya msichana, sina haja ya kueleza sana: ni yule anayekwambia mambo ambayo mama anaona haya kuyasema. Mtakumbuka pia miaka yenyewe. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika sokoni kama mafuriko, na mawe ya redio, yaani betri, tuliyaanika juani juu ya mabati ili yapate nguvu ya kusikiliza taarifa moja zaidi.

Tulikaa chini kidogo ya Iguhu, kwenye nyumba ya mawe. Majirani wote walikuwa na nyumba za udongo, safi na zenye baridi nzuri, lakini yetu ilijengwa na Wazungu waliokuja kuchimba dhahabu. Walipoondoka ikabaki kwa kuka, baba yake baba, ambaye aliwafanyia kazi ya kutoboa miamba chini ya ardhi. Kuta zake zilikuwa nene ajabu. Nilikuwa nikikaa ndani ya dirisha, mgongo upande mmoja, miguu nimeinyoosha, na sehemu ikabaki ya kuweka kikombe.

Kuka alipofariki nyumba ikawa chini ya baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa kwanza, na sheria yake ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa moja: hakuna msumari utakaoingia ukutani. Kulikuwa na ufa kando ya dirisha la sebuleni, na alikuwa akiupima kwa kidole kila mvua ikinyesha. Kwa hiyo vitu vyetu vyote vilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti za paa: kalenda, picha ya harusi, kioo cha kunyolea. Upepo ukivuma vilizunguka. Nimemwona baba asubuhi nyingi, povu usoni na wembe mkononi, akikifuata kioo hatua moja kulia, hatua mbili kushoto, kama mtu anayecheza ngoma bila muziki.

Watu wazima walisema sababu ni ule ufa. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Kila baada ya mvua kubwa niliwaona wanawake kule mtoni wakichota matope kwa karai, wakiyazungusha na maji, wakimwaga kidogo kidogo hadi zibaki chembe za kung'aa. Ikiwa dhahabu ilipatikana kwenye matope ya mto, basi kwenye kuta za mtu aliyetoboa miamba maisha yake yote ingekuwa kiasi gani? Nilikata shauri kwamba kuka aliificha humo, na kwamba baba alijua, na ndiyo maana hakutaka ukuta uguswe. Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri ya familia, na nilijivunia kuitunza.

Senje alikuja mwanzo wa mvua za masika. Alikuja na baiskeli ya kukodi, cherehani imefungwa nyuma kwa mpira, na yeye akitembea kando akiishika kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Alikuwa ameolewa Lugari, kwenye mashamba ya mahindi, miaka mingi bila mtoto. Sasa mumewe alikuwa ameleta mke mwingine. Hilo Senje alilivumilia. Kisha mke huyo akapewa jiko la Senje, naye Senje akaambiwa apikie nje, kwenye mawe matatu. Siku ya tatu ya kupikia nje alifunga cherehani yake na kuondoka. Naandika maneno yao kwa Kiswahili, ingawa mengi yalisemwa kwa Kiidakho.

"Karibu nyumbani," baba alimwambia. "Utapumzika, halafu tutazungumza nao."

Akapewa stoo. Ilikuwa chumba kidogo nyuma ya sebule, chenye magunia ya mahindi, majembe, na kitanda cha kamba kilichowahi kuwa changu. Sakafu yake ilitoa jasho wakati wa mvua. Lakini hazikupita wiki mbili, wanawake walianza kuja na mafurushi. Mitumba ile ilikuwa mikubwa mno au imekaa vibaya, na Senje alijua kuichana na kuishona upya hata mwenyewe asiitambue. Cherehani ililia kutwa nzima. Nguo zilizokwisha kushonwa na zilizokuwa bado alizipanga juu ya sanduku lake, na sanduku lilikaa sakafuni, na sakafuni kulikuwa na panya. Asubuhi moja tukakuta gauni la shule la mtoto wa watu limetafunwa pindo lote.

Jioni hiyo alimwambia baba, "Ndugu yangu, nahitaji rafu. Mbao ninazo. Naomba tu kuiweka ukutani, huko juu panya wasikofika."

Baba alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Rafu ya nini? Mtu aliyekuja kupumzika hatundikanga rafu."

"Kumbe unaelewa vizuri," Senje akasema, akarudi chumbani kwake.

Mimi sikuelewa chochote. Nilikuwa darasa la pili, tulitoka shule saa sita na nusu, na baba hakurudi hadi saa kumi na moja. Kesho yake nilipofika nyumbani nilimkuta Senje amepanda juu ya gunia, msumari wa inchi nne mkononi. Alipiga mara mbili, msumari ukapinda. Akachukua mwingine, nao ukapinda. Wa tatu uliruka ukanipita sikioni. Kukhu, mama yao baba na Senje, alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Alikuwa mwembamba, mkali, asiyependa kelele zisizo na kazi. Akainuka, akaingia chumbani kwake, tukasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka chini ya kitanda. Akarudi na gunia dogo lililofungwa kwa sisali.

"Za mume wangu," alisema. "Zinanilia kutu tu mle chini. Mawe ya nyumba hii hayaingiangi msumari."

Ndani kulikuwa na nyundo fupi yenye kichwa kikubwa, na tindo, ile patasi ya chuma ya kutobolea mwamba, nene kama kidole gumba changu mara mbili, ncha yake imekatwa kama nyota. Senje aliishika kwenye mwanga na kuizungusha. Hakusema asante. Kukhu naye hakuingoja, alikuwa amesharudia mahindi yake.

Mara ya kwanza alikosea. Aliiweka tindo kwenye mshono kati ya mawe mawili, akidhani hapo ndipo pepesi, na kweli palikuwa pepesi: chokaa ya zamani ikamwagika kama sukari kutoka mfuko uliotoboka, hadi akabaki na shimo la kuingia yai. Alilaani kwa maneno ambayo mama alinikataza kuyarudia. Akaliziba kwa udongo, kisha akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio amelibandika, hadi akapata katikati ya jiwe zima. Hapo akaanza upya. Anapiga, anazungusha tindo kidogo, anapiga, anazungusha. Asipozungusha inakwama. Akipiga kwa hasira inateleza. Kila baada ya muda alichukua bua la jani la papai, lile lenye uwazi ndani, akalitia kwenye tundu na kupuliza, na vumbi likaruka usoni kwake. Akanyunyiza maji, harufu ikajaa chumba kizima. Ndiyo harufu niliyoisikia kwenye ngazi.

Tundu moja lilimaliza mchana mzima. Alihitaji manne, mawili kwa kila mkono wa kushikilia ubao. Saa kumi ikifika alisukuma gunia la mahindi mbele ya ukuta, akafagia, akanawa, akaketi kwenye cherehani kama mtu ambaye hakufanya lolote.

Na mimi? Mimi nilijua anachofanya. Alikuwa akitafuta dhahabu ya kuka. Maneno ya baba yaliniingia kichwani yakakaa vibaya: mtu aliyekuja kupumzika hatundiki rafu. Basi rafu ilikuwa kisingizio. Siku ya pili nilikusanya vumbi lake kwenye kopo, nikaenda nalo nyuma ya choo, nikalizungusha na maji kwenye kifuniko cha sufuria kama nilivyowaona wanawake wa mtoni. Nikamwaga, nikamwaga. Chini zikabaki chembe zinazong'aa. Leo najua ni mawe tu, yale ambayo ukiyavunja yanametameta. Siku ile kwangu ilikuwa dhahabu. Nilimpenda Senje kuliko mtu yeyote, na sasa nilikuwa na ushahidi kwamba anatuibia.

Nilivumilia usiku mmoja na asubuhi moja. Alhamisi baba aliporudi na kukaa nje na chai yake, nilimpelekea kifuniko.

"Baba, Senje anachukua dhahabu ya kuka."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, baba yangu. Akachovya kidole kwenye chembe zile, akazisugua, na nikaona kicheko kikiondoka usoni mwake. "Vumbi hili umelitoa wapi?"

Nikamwambia.

Alienda moja kwa moja stoo, akalisukuma gunia kwa mguu. Matundu mawili yalikuwa pale, meusi, duara kabisa. Senje hakuinuka kwenye cherehani.

"Imali. Umetoboa ukuta."

"Nimetoboa."

"Nyumba ikipasuka?"

"Ilijengwa na watu wanaolipua miamba, Mwalimu. Haitapasuka kwa tundu la kidole." Alimwita Mwalimu wakati amekasirika tu.

"Watu wa Lugari wanakuja Jumamosi," baba akasema. "Wakikuta umetoboa kuta, watafikiri nini? Kwamba mimi nimekujengea?"

Mguu wa Senje ulisimama kwenye pedali. "Jumamosi ipi?"

"Hii."

"Umewaita."

"Nimewaita. Mimi ndiye mkubwa hapa. Nani mwingine angewaita?"

"Na ungeniambia lini? Wakishafika?"

Baba aliokota nyundo na tindo kutoka chini ya kitanda. "Ziba hayo matundu," akasema, akatoka. Nyundo na tindo akaziweka kwenye sanduku lake la bati, lile la vitabu vya shule. Halikuwa na kufuli. Halikuhitaji, maana katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kulifungua.

Nilibaki mlangoni. Senje alinitazama, na nikajua anajua ni nani aliyesema.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba unatafuta dhahabu." Nilianza kulia. "Ile kuka alificha."

Senje akaanza kucheka. Alicheka hadi akaacha cherehani na kwenda kukaa juu ya gunia, akajifuta macho kwa leso, na akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. "Mtoto wangu," akasema, "ingekuwa dhahabu ningekupa nusu. Mimi natafuta mahali pa kuweka nguo." Akapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, taratibu. "Kule Lugari nilikuwa na rafu tatu. Nilizipaka rangi mwenyewe. Sasa zina sufuria za mtu mwingine. Hapa nikiweka kitu sakafuni ni cha mgeni. Nikikiweka ukutani, ni changu. Baba yako anajua hivyo. Ndiyo maana anaogopa rafu kuliko ufa."

Sikumbuki kama niliomba msamaha. Nakumbuka tu kwamba Ijumaa sikula.

Wageni walifika saa tano asubuhi: mume wa Senje, mtu mrefu aliyeangalia viatu vyake wakati wote, na kaka yake mkubwa, mwenye koti zito na sauti ya kanisani. Mama alichinja kuku. Kukhu aliketi pembeni ya sebule, mikono juu ya mapaja. Senje hakuitwa. Mama alikuwa ametumwa akamsaidie kufunga sanduku.

Mimi nilikuwa nje ya dirisha. Huko Lugari watu wametoka kila mahali, kwa hiyo yule mkubwa alizungumza Kiswahili, Kiswahili kirefu, akimshukuru Mungu kwa mvua, kwa barabara, kwa chai. Kisha akasema, "Mwalimu, tusizunguke. Tumekuja kuchukua mtu wetu. Amepumzika ya kutosha."

"Ni kweli," baba akajibu. "Na mimi nimemweleza."

"Hata kule mambo yametengenezwa. Atajengewa jiko lake, pale nyuma."

"Hilo ni jambo zuri."

Walimzungumzia kama mbuzi aliyevuka ua. Nilingoja Kukhu aseme kitu, na Kukhu aliketi tu. Mume wake Senje akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Hapo ndipo kitu kilipopanda kifuani kwangu ambacho sikuwa nimekijua kabla. Haikuwa ujasiri. Ilikuwa kama chuki, lakini tamu.

Nilipitia mlango wa nyuma hadi chumba cha wazazi, nikafungua sanduku la bati. Lilinuka chaki. Nyundo ilikuwa juu ya daftari la mahudhurio. Niliikunja pamoja na tindo ndani ya sketi yangu, nikatembea nimeinama kama mwanamke mjamzito hadi stoo.

Senje alikuwa ameketi kitandani, mama kando yake. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku, na kifuniko kilikuwa wazi bado. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, chumba kimefagiwa, kama mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa. Nikaviweka vyuma miguuni pake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Utapigwa."

"Nipigwe."

Mama akainuka, akasema anaenda kuangalia ugali wake usiungue, akatoka bila kututazama. Senje akafunga kitambaa chake upya kichwani, akakikaza, akapanda juu ya gunia.

Pigo la kwanza nililisikia miguuni kabla ya masikioni. Nilikimbia kurudi dirishani kuona. Ukuta wa stoo ndio uliokuwa ukuta wa sebule, na kila pigo liligonga mgongo wa yule mkubwa aliyekuwa ameegemea pale. Vikombe vilicheza kwenye visahani vyake. Kioo cha kunyolea kikaanza kuzunguka polepole kwenye kamba yake, kikimwonyesha kila mtu uso wake kwa zamu.

"Mna fundi?" mkubwa akauliza.

Baba alikuwa amebadilika rangi.

"Hatuna fundi," Kukhu akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu wafike. "Ni binti yangu. Anatengeneza chumba chake."

Baba aliinuka akaenda. Nikazunguka nyumba mbio hadi dirisha la stoo.

"Imali, wageni wanakungoja."

"Wangoje. Nikiliacha jiwe katikati tindo itakwama."

"Nimesema acha."

Akapiga, akazungusha, akapiga.

"Unanitia aibu mbele ya watu."

"Wewe ulinipa kwa hawa watu mara moja, na sikusema neno," Senje akasema, bila kugeuka. "Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikusema neno. Leo nasema kwa nyundo. Nipokonye ukitaka."

Baba alikuwa mtu mwenye mikono mikubwa. Angeweza kuinyakua kwa kidole kimoja. Alisimama nyuma yake, vumbi likimwangukia kwenye suti yake ya Jumapili, na hakuinyakua. Sijui kwa nini. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza, akaniambia hakumbuki siku hiyo kabisa, na akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Senje alipomaliza lile tundu la tatu, alipuliza kwa bua la papai, akashuka. Hakunawa. Aliingia sebuleni hivyo hivyo, nyusi nyeupe, kope nyeupe, nyundo mkononi, akawasalimu mulembe mmoja mmoja kwa heshima zote.

"Shemeji," akamwambia yule mkubwa, "nimewasikia. Ukuta huu unapitisha sauti siku ukiugonga. Sirudi."

"Mwanamke hawezi kuzeekea kwa kaka yake."

"Sikai kwa kaka yangu. Nakaa kwa baba yangu. Na natundika rafu."

"Rafu?" Alimwangalia baba, kana kwamba neno hilo lilikuwa la lugha nyingine na baba angemtafsiria. Baba alikuwa mlangoni, mavumbi mabegani. Hakutafsiri.

Ndipo mume akainua macho. "Imali. Twende nyumbani." Aliisema vizuri, kwa upole hata. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi sana.

"Jiko langu mlimpa mtu," Senje akamjibu. "Mwachieni. Mimi simdai kitu, wala ninyi siwadai. Lakini jiko la kujengewa nyuma, ndugu, hilo mpikieni mbwa."

Kilichofuata hamtakiamini, lakini wanaotoka kwetu watakiamini. Walikula. Kuku alikuwa ameiva, obusuma, ugali wetu, ulikuwa mezani, na mtu hawezi kuondoka nyumba ya watu na chakula kimeletwa. Walikula kimya, mama akiwaongezea mchuzi, na katikati ya kula kule nyundo ikaanza tena, tundu la nne. Yule mkubwa alitafuna akifuata mapigo. Walipomaliza walinawa, wakaomba, wakaondoka. Kwenye maombi mkubwa alimtaja kila mtu wa nyumba ile isipokuwa mmoja.

Mimi nilipigwa na baba, viboko vitatu vya miguu. Sikulia. Nilitazama ule ufa wa dirisha mpaka akamaliza, na nafikiri baba aliona kwamba sikulia, kwa sababu cha nne hakukipiga.

Jumapili wenzetu walipokuwa kanisani, Senje alichonga vipande vinne kutoka mpini wa jembe lililovunjika, akavipigilia ndani ya matundu hadi vikakaza, na ndani ya miti hiyo akafunga skrubu. Mikono miwili ya mbao, ubao mmoja mrefu juu yake. Akatuita, mimi na Kukhu. Akaushika ubao kwa mikono yote miwili, akakunja magoti, akaning'inia. Miguu yake haikugusa sakafu. Mwanamke mzima, mnene, akibembea pale kwenye ukuta wa Wazungu, akitutazama.

"Umeshika," Kukhu akasema, akaenda zake.

Baba hakuzungumza naye. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakanifika kiunoni, naye alipita mbele ya mlango wa stoo kama mtu anayepita mbele ya nyumba isiyo na watu. Akitaka kumwambia kitu alimwambia mama, wakati Senje amekaa pale pale. Lakini hakusema tena kwamba matundu yazibwe. Na wateja waliongezeka. Rafu ilijaa nguo kwa mpangilio ambao Senje hakuruhusu mtu auvuruge: zilizokuja kwanza juu, zilizokuja mwisho chini, awe mke wa chifu au mama wa kuuza mkaa.

Asubuhi moja Senje alirudi kutoka kuoga akakuta shati jeupe limewekwa juu kabisa ya nguo zote. Lilikuwa la baba la kazini, mfuko umechanika na kuning'inia. Hakukuwa na neno, hakukuwa na mtu. Nilikuwa kitandani kwake nikisoma, na nilimwona baba alipoingia na kutoka, akikanyaga kwa vidole kama mwizi.

Senje alilishika shati kwa mabega, akaliangalia mbele na nyuma. Nilidhani atalishona papo hapo, nikashuka nimletee uzi mweupe. Yeye akainua rundo lote kwa mkono mmoja, magauni sita na suruali mbili, akaliingiza shati chini kabisa, akarudisha rundo juu yake na kulinyoosha kwa kiganja.

"Uzi wa bluu," akaniambia. "Tunaanza na gauni la huyu wa juu."

Baba alienda shuleni na shati lake la pili, lile la kubana, wiki nzima na siku mbili juu yake. Na kila jioni, kabla hajavua viatu, alisimama mlangoni kwa dada yake, akatazama rafu, akahesabu kwa macho ni nguo ngapi zimebaki juu ya yake, kisha akaenda kunywa chai.